Usukani Ulitulia, Kiti Kikatetemeka

Walisema alikuwa amelewa. Nani alianza kusema, hakuna aliyejua. Maneno yalizaliwa makaburini, siku ile ile anazikwa mkunga aliyekufa kwenye ajali ya gari la zahanati, yakapita kwa wauza mboga, yakakaa saluni yakasukwa vizuri, na yalipofika mlangoni kwa Sajini yalikuwa yameshaota mikono na miguu. Kwamba kijana wake, dereva wa zahanati, alikuwa na chupa chini ya kiti. Kwamba alikuwa anaimba. Kwamba marehemu alimsihi apunguze mwendo, akamcheka.

Watu walimwita Sajini ingawa sare alishaivua zamani. Kazi yake ya mwisho polisi ilikuwa ukaguzi wa magari, kulala chini ya malori na tochi mdomoni, na si mwanamke wa kutishwa na maneno ya saluni. Lakini haya yalimganda kama kupe. Akifua, yapo. Akikoroga chai, yapo. Akijifunika shuka, yako naye ndani ya shuka. Mwanawe wa pekee yuko mahabusu, anashtakiwa kuua kwa uzembe, na shahidi mkubwa wa kesi ni fundi wa matairi anayeitwa Laini. Laini ameandika maelezo polisi kwamba alimwonya dereva kuwa tairi ni bovu, dereva akamjibu kwa jeuri na kuondoka. Kwa maelezo hayo kijana anafungwa, hakuna cha kumwokoa.

"Sitaki pole ya mtu," alimwambia kaka yake aliyekuja kumfariji. "Namtaka aliyefanya. Nimshike shati mbele za watu."

"Na kama aliyefanya ni mwanao?"

"Basi nitamshika yeye. Lakini naanza na wengine."

Alianzia mahabusu. Walikutana kwenye wavu, yeye upande huu, mtoto upande ule, amekonda shingo mpaka kola imekuwa kubwa.

"Ulikunywa?"

"Mama!"

"Nauliza kama Sajini. Mama yako nimemwacha nyumbani analia. Ulikunywa?"

"Sikunywa. Hata soda sikunywa."

"Gari lilikuwa na shida gani?"

"Halikuwa na shida. Yaani, lilikuwa nayo, ikaisha. Usukani ulianza kutetemeka. Ndani ya mji husikii kitu, lakini nikiingia barabara kuu nikachanganya mwendo, mikono inacheza hivi." Akaonyesha. "Nikalipeleka kwa Laini. Akaniambia nikae kwenye benchi. Aliponirudishia, usukani umetulia kama maji mtungini. Mama, nilimshukuru yule mtu kwa mikono miwili!"

"Alikuonya kuhusu tairi?"

"Alinionya nini? Alisema, 'Nenda zako, dogo, kazi imeisha.'"

"Ulimwona akifanya hiyo kazi?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Nilikuwa kwenye simu."

Sajini alisonya, msonyo mrefu mpaka askari wa zamu akageuka.

"Lakini mama, sikia," kijana alisogea karibu na wavu. "Mtafute dereva wa zamu ya jioni. Aliapa nitakiona cha moto. Alikuwa anaitaka nafasi yangu. Atakuwa alilegeza nati za gurudumu, naapa."

"Usiape. Walioapa wamejaa humu ndani, na wote wamefungiwa."

Alitoka hapo moja kwa moja mpaka kituoni, uwanja wa nyuma, yanakowekwa magari ya ajali. Koplo wa upelelezi aliyeshika faili aliwahi kufundishwa naye ukaguzi, akawa bado anamwogopa kidogo. Alimfungulia geti huku anaangalia nyuma.

"Mama, hapa naweka mkate wangu rehani. Wewe ni mzazi wa mshtakiwa."

"Ndiyo maana sitagusa kitu. Utagusa wewe. Mimi nitasema tu."

Gari la zahanati lilikuwa limekaa kiupande, paa limebonyea, vioo hakuna. Kwenye kiti cha nyuma kushoto, alipokuwa mkunga, kulibaki kiatu kimoja cha kike cheupe. Sajini alikitazama mara moja, halafu hakukitazama tena.

"Anza na nati."

Koplo akachukua spana, akazunguka gurudumu moja baada ya jingine. Nati zote zilikuwepo. Zote zimekaza, hakuna hata moja iliyolika kingo. Gurudumu lililolegezwa huchezacheza kwenye nati zake, linatafuna matundu ya rimu mpaka yanakuwa mapana. Haya yalikuwa mazima, ya duara.

"Basi dereva wa jioni ana mdomo tu," alisema Sajini. "Mwache na mdomo wake. Twende kwenye tairi lililokufa."

Lilikuwa la nyuma kulia. Ngozi ya nje, ile yenye meno ya kushika barabara, ilikuwa imebanduka karibu yote kama ganda la ndizi, na waya nyembamba zimechomoza zinameremeta.

"Hapa ndipo tulipoandika mwendo kasi," alisema Koplo. "Alikimbia, tairi likapasuka, nyuma ikateleza, gari likabiringika."

"Chukua kitambaa safi. Futa rimu ya hilo tairi, kwa ndani."

Koplo akafuta. Kitambaa kilitoka cheusi tii, unga wa kunata kama wa mkaa.

"Sasa chukua kingine, futa rimu ya mbele kulia, kwa ndani."

Kitambaa kilitoka na vumbi la kawaida, la udongo.

Sajini alikunja mikono. "Gari hili mbele lina breki gani?"

"Za diski."

"Nyuma?"

"Za dramu."

"Diski iko wazi. Kila ukikanyaga breki, pedi inasagika, unga mweusi unaruka unaganda kwenye rimu. Dramu imefungwa kama sufuria na mfuniko wake, unga unabaki humo ndani. Haya, mwanangu, nieleze. Huu weusi umefikaje nyuma, na mbele kukawa safi?"

Koplo alitazama kitambaa, akatazama magurudumu, akakuna kidevu. "Hii ya nyuma ilikuwa mbele."

"Muda mrefu. Halafu juzijuzi mtu akaihamisha."

"Sawa. Lakini mama, kuhamisha matairi mbele na nyuma si kosa. Hata vitabu vya magari vinashauri, ili yalike sawa."

"Si kosa kama tairi ni zima."

"Na nani atasema lilikuwa bovu kabla ya safari? Wakili atasimama aniambie, liliharibika siku hiyo hiyo, kwa jua na mwendo. Nitamjibu nini?"

Swali lilikuwa zuri, na Sajini hakukasirika. Alimwambia tu apige picha vitambaa vyote viwili na avifungie kwenye bahasha, aandike kila kimoja kimetoka gurudumu lipi.

Aliyejua hali ya gari kabla ya ajali, ukimtoa dereva, alikuwa amebaki mmoja: muuguzi aliyekaa kiti cha nyuma kulia. Walimkuta nyumbani kwake, mguu umefungwa plasta na kuwekwa juu ya mto, mama yake mzazi anampepea kwa kipande cha boksi. Muuguzi alipomwona Sajini machozi yalimlenga, kisha akayafuta kwa hasira.

"Dada, wanaosema mtoto wako alilewa nikipona mguu huu nitawapiga nao."

"Pona kwanza. Nataka unieleze kuhusu kiti chako."

"Kiti?"

"Ulichokalia. Siku ile."

Uso wa muuguzi ukabadilika, kama mtu aliyekumbuka jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. "Kilikuwa kinatetemeka. Makalio yalikufa ganzi! Nilimwambia marehemu, 'Dada, leo zahanati imetulipia masaji.' Akacheka mpaka akakohoa." Akausogeza mguu kwenye mto. "Ndiyo mara ya mwisho kumsikia anacheka."

"Usukani je? Dereva alikuwa anahangaika nao?"

"Wapi! Aliushika kwa vidole viwili kama kikombe cha chai. Nilimgombeza kwa hilo. Lakini safari iliyotangulia ndiyo mikono ilikuwa inamcheza kama mwenye homa. Na safari hiyo mimi huku nyuma nilikaa raha mustarehe, nikasinzia."

Koplo aliacha kuandika, akainua macho.

"Siku ya ajali, kutetemeka kulizidi wakati gani?" Sajini aliendelea.

"Akichanganya mwendo. Akipunguza, kunapungua."

"Akikanyaga breki?"

"Hakuna tofauti. Kunafuata mwendo tu."

"Na mlio?"

"Mwishoni, ndiyo. Dup, dup, dup, dup, chini yangu hapa, kama mtu anapiga mlango anataka kuingia. Dereva akasema, 'Hiyo nini?' Akaondoa mguu kwenye mafuta. Halafu, puu. Nyuma ikaenda kwake, mbele ikaenda kwake."

"Aliondoa mguu kwenye mafuta," Sajini alirudia, na kumtazama Koplo. "Umeandika hilo?"

"Nimeandika."

Nje, karibu na gari walilokuja nalo, Sajini alimpangia Koplo kama zamani darasani. Ingekuwa breki, kutetemeka kungekuja ukizikanyaga. Kunafuata mwendo, basi ni kitu kinachozunguka. Gurudumu bovu likiwa mbele, linaongea na mikono ya dereva kupitia usukani. Likiwa nyuma, linaongea na makalio ya abiria. Safari ya kwanza mikono, safari ya pili makalio, na katikati ya safari hizo gari limepita kwa Laini.

"Ugonjwa haukupona," alisema. "Ulihamishwa chumba."

Koplo alitikisa kichwa polepole. "Naamini. Lakini Laini atasema hakuona ubovu, alihamisha kwa nia njema. Au atasema dereva ndiye aliyemtuma. Ni neno lake na neno la mshtakiwa."

"Kwa hiyo tumwache atuonyeshe mwenyewe anavyofanya kazi." Sajini alifungua mlango wa gari. "Unajua mkewe anashona nguo jirani na pale? Na kila siku ya gulio anasimama pale pale nje, anatafuta usafiri wa kwenda kununua vitambaa ng'ambo ya barabara kuu."

"Mama. Unataka kufanya nini?"

"Kunyoa ndevu zako. Zimezidi."

Kaka yake alikuwa na tairi la zamani lenye uvimbe kwenye meno, uvimbe wa kujaza kiganja kizima, alilokuwa amelitenga alifanye chungu cha maua. Walilifunga kwenye gari la kaka huyo, mbele kulia. Koplo mwenyewe alikwaruza alama kwa msumari kwenye rimu, alama anayoijua yeye, akaipiga picha. Siku ya gulio Sajini akaliendesha gari hilo kwa mwendo wa kobe, pembeni kabisa mwa barabara, usukani ukimtikisa mpaka meno yanagongana.

Pale kwa Laini mtaa ni mwembamba. Upande huu matairi yamepangwa kama vitumbua vyeusi, kompresa inakohoa, beseni la maji machafu la kutafutia pancha liko mlangoni. Upande wa pili kuna kinyozi, na kioo chake kikubwa kinauona mtaa wote. Koplo alishakaa kwenye kile kiti, shuka shingoni, povu usoni, akajifanya amesinzia.

Laini alikuja anapangusa mikono. Mtu mchangamfu, tumbo kidogo, meno meupe, jina lake kila mtu alilijua lilikotoka, kwa sababu kila mteja aliahidiwa gari litakuwa laini kama pamba.

"Karibu, mama yangu. Gari linasemaje?"

"Linanitikisa mikono, baba. Nikiingia barabara kuu ni kama nimeshika mbuzi anayetaka kutoroka."

"Ha! Huyo mbuzi leo tunamfunga kamba."

Alilizungusha mtaa mmoja, akarudi. Akapiga jeki mbele kulia, akalizungusha gurudumu kwa mkono mmoja na kuweka kiganja cha mkono mwingine juu ya meno. Sajini alikuwa amekaa kwenye benchi na gazeti, anatazama kwa chini yake. Kile kiganja kilipita, kikapita, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapapasa tena, taratibu, kama mama anapopapasa kichwa cha mtoto akitafuta panapouma. Ameuona uvimbe.

Moyo wa Sajini haukwenda mbio. Ulikuwa umetulia kama wa mtu anayengoja samaki ameze vizuri.

"Unasafiri mbali, mama?" aliuliza Laini bila kumtazama.

"Kila siku barabara kuu. Na nyuma nabeba watu."

Ndipo mtu angesema. Ndipo mtu mwenye haya angesema, mama, tairi hili ni kifo, usitoke nalo hapa. Sajini alimpa muda. Alifungua ukurasa wa gazeti, akaufunga, akafungua mwingine.

"Soma tu mama, dakika chache."

Laini akachomoa gurudumu la mbele, akachomoa na la nyuma, akayabadilisha. Mwisho akachukua nyundo akagongagonga rimu ya mbele, ko, ko, ko, kwa ajili ya kusikika tu. Akashusha jeki.

"Lijaribu."

Sajini alikwenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Usukani ulikuwa umetulia. Kwa chini, kiti kilikuwa kinamnong'oneza.

"Umetulia!" alisema kwa furaha aliyoiandaa tangu asubuhi.

"Si nilikwambia? Laini."

"Ilikuwa nini?"

"Balansi tu, gurudumu kukosa usawa. Mambo madogo."

"Matairi mazima?"

"Mazima kabisa. Utayatumia mpaka uyachoke wewe."

"Naweza kukimbia?"

"Kimbia, mama."

Mke wa Laini alikuwa amesimama pale pale kando ya mtaa, mfuko mtupu begani, anapunga mkono kwa kila gari. Sajini alishusha kioo. "Mwanangu, unakwenda gulioni? Panda nyuma hapo kulia, naelekea huko."

"Mungu akubariki, mama! Nimesimama hapa mpaka miguu imeota mizizi." Akaingia, akajipweteka kitini, akafunga mlango.

Spana ilianguka chini. Laini alikuwa amenyooka wima.

"Aa, mama, usihangaike naye. Atapata gari jingine."

"Nihangaike nini, mtu mwenyewe mwembamba huyu?"

"Mke wangu, shuka."

"Nishuke kwa nini? Hebu niache, leo nimepata gari la heshima."

"Nimesema shuka!"

"Ulivyo na wivu, hata kwa bibi mwenye miwani?" Mkewe alicheka, akavuta mkanda.

Sajini aliwasha injini. "Baba, tunachelewa. Si umesema nikimbie?"

"Nenda polepole basi, mama. Polepole."

"Polepole sijui. Umesema kimbia."

Akaingiza gia. Gari likasogea. Laini aliruka mbele, akaweka mikono yote miwili juu ya boneti, jasho limemtoka kama aliyemwagiwa lile beseni.

"Ashuke! Tairi la nyuma lina uvimbe! Litapasuka barabarani!"

Mashine ya kinyozi ilizimwa. Sajini naye akazima injini, akateremka, akaenda kusimama naye uso kwa uso.

"Tairi lipi?"

"La kulia. Hilo... hilo alilokalia."

"Nani kaliweka hapo?"

Laini aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Majirani walikuwa wameshatoka milangoni. "Mimi."

"Ulilitoa wapi?"

"Mbele."

"Ukauona uvimbe?"

"Niliupapasa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama, wateja ni wagumu!" Sauti ilimpanda. "Ukimwambia anunue tairi anadhani unamwibia, anakwenda kwa fundi mwingine. Akishika usukani umetulia, anaondoka anacheka, anakusifu. Wote wanafanya hivyo! Ukilipeleka nyuma, huwa linadumu. Mara nyingi linadumu."

"La mwanangu halikudumu."

Laini alimtazama bila kuelewa.

"Mimi ndiye mama wa dereva wa zahanati."

Koplo alikuwa ameshavuka mtaa, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu, shuka la kinyozi bado shingoni. Hakuna aliyecheka. Aliinama nyuma ya gari, akaitafuta alama yake kwenye rimu, akaipiga picha. Kisha akasimama na kumwambia Laini kwamba halazimiki kusema chochote, na akisema kitaandikwa.

"Gari la zahanati ulilifanya nini?" akauliza.

Angeweza kunyamaza. Lakini mkewe alikuwa ameshashuka, amesimama karibu, na Laini alimjibu Koplo huku anamwangalia yeye. "Hivyo hivyo. Lilikuwa limeanza kuvimba, mbele. Nikalipeleka nyuma. Sikumwonya. Nilipomsikia amepata ajali, ndipo nikaenda kuandika kwamba nilimwonya."

"Ukamtanguliza mtoto wa mtu jela," alisema Sajini.

"Dada yangu, nisamehe. Nina watoto."

"Na yule mkunga alikuwa na nini, mbuzi?"

Mkewe hakupiga kelele. Aliongea taratibu, na kila mtu alimsikia. "Yule mkunga ndiye aliyenipokelea mapacha. Alikesha na mimi. Siku ya kumzika ulilia kuliko ndugu zake, mpaka nikakufuta kamasi kwa nguo yangu hii." Aliishika ile nguo, akaiachia kama inamchoma. "Mimi mkeo ukanizuia nisipande. Yeye ukamwacha apande."

"Mke wangu..."

"Usiniite." Akamgeukia Koplo. "Afande, maelezo yanaandikwa wapi? Na mimi nina ya kusema. Gari la zahanati si la kwanza. Nakaa jirani na karakana hii, nasikia anavyojisifu jioni, na wateja wenyewe nawajua kwa sura."

Laini alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, mgongo kwenye tairi lenye uvimbe. Raha tamu ilimwingia Sajini, ikashuka mpaka kwenye magoti, na hakuona aibu yoyote.

Koplo alimfunga pingu na kumwinua. Alimwambia Sajini kwamba karatasi za kumtoa kijana zitapelekwa mahakamani kabla ya saa za kazi kwisha, kwamba lile shtaka sasa limekosa miguu.

"Nina ombi moja," alisema Sajini.

"Sema, mama."

"Mkeka aliolalia mwanangu mle ndani. Usipoe. Mlaze huyu."

Koplo alimsogeza pembeni, akajifuta povu kwa kona ya shuka, akanong'ona. "Mama, niambie ukweli. Asingesimama mbele ya gari, ungeondoka na yule mwanamke?"

"Ningefika kwenye kona nikasimama."

Koplo aliendelea kumtazama. Sajini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nafikiri ningesimama," alisema.

Wenzangu mliosoma kisa hiki, wenye watoto wanaoendesha, na wenye watoto wanaobebwa, zingatieni haya:

Usikae kwenye benchi na simu wakati gari lako linafunguliwa. Simama hapo hapo uone gurudumu gani limetoka wapi na limekwenda wapi.

Usikubali tairi bovu la mbele lipelekwe nyuma ili usukani utulie.

Usisafiri kiti cha gari kikitetemeka, hata kama usukani umetulia. Usidanganyike kwamba ni barabara.

Usipande, na usimpandishe mtu, kwenye gari lenye tairi lililovimba, lililopasuka ubavu, au lililotoa waya.

Usisubiri ule mlio wa dup, dup. Ukiusikia, umeshachelewa, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu, shika usukani kwa mikono miwili.

Usiendeshe kwa vidole viwili.

Usimwamini fundi anayesema "mambo madogo" kabla hajakuonyesha kwa mkono wake.

Usiseme dereva alilewa kama hukumwona anakunywa.